Siku ya Samaki

Kindu, tarehe 11 Novemba 1984

Kwako Shangazi Joséphine, huko Kalima,

Nisamehe kwa kukawia. Miezi minne imepita tangu wakufukuze hapa kwa jina la uchawi, na sikukuandikia hata mustari mumoja. Magoti yako yanaendeleaje? Kile kikohozi kimekwisha? Sisi tuko wazima kidogo. Mutoto Elisabeth ameota meno mawili na ananiuma. Hakuna muntu anayebisha hodi kwetu. Wanawake wa camp ya reli wananisalimia wakiwa mbali, eti nyumba yetu ina kitu.

Habari ya mume wangu Louis njo hii. Ule mukono wa kuume, ambao zamani kule Kinshasa walimushonea kipande cha mushipa kutoka muguuni baada ya kamba ya chuma kumukata kazini, umebaki, hawakuukata. Lakini vidole viwili walivikata, havikupata damu. Mudogo wake Nestor anatembea akisema kwamba Shangazi alianza na vidole, kichwa kitafuata. Louis naye anaitikia kuwa ni ule samaki uliyemupikia.

Daktari hakuongea habari ya samaki. Alipima tension ya damu, akaona iko juu sana, akaniita pembeni. Alisema mishipa ya muntu wa tension imezoea kujikaza, na kile kipande cha kushonwa nacho tension imekiharibu. Dawa ya kukaza mishipa, ambayo mwingine angeivumilia, kwake yeye inaufunga mushipa kama mulango. Halafu akauliza: Citoyenne, alikunywa nini?

Shangazi, nilijua. Kumbuka juma lile pua yake ilikuwa ikitoka damu na hospitali alikataa. Mimi nilikuwa na vidonge vya maternité, njo hivyo vya kukaza mishipa, walivyonipa kukatisha damu nilipomuzaa Elisabeth. Nikajiambia, damu ni damu. Nikavisaga, nikavitia katika uji wake siku tatu bila kumwambia, maana Louis na vidonge hawapatani. Siku ya tatu njo ulipika samaki. Mukono ukawa mweupe, ukawa baridi. Walipotupa vitu vyako inje, nilisimama mulangoni na mutoto mugongoni, nikanyamaza. Daktari nilimwambia. Wewe sikukutetea.

Jana nimemwambia Louis, mbele ya Nestor. Nestor alicheka, akasema shemeji amechoka. Halafu akaacha kucheka. Louis alikunja mukeka wake, akahamia kwa Nestor. Lakini maneno yangu siyarudishi, hata nikibaki na mutoto peke yetu.

Usinijibu kwa upole kama haupo moyoni. Elisabeth anakusalimia, hata kama hajui kusema.

Ninachoomba unitumie kwa lori ni vidonge vya tension vya mwezi mumoja, hapa vimeisha, soksi moja ya sufu ya kuuvika ule mukono, sabuni mbili, na siku ya kuja kwako, uiandike wazi, nikupokee mwenyewe pale malori yanaposimama, mchana, watu wote wakiona.

Mimi, muke wa mutoto wako,
Apolline