Hifadhi au Tunza

Mama Rehema,

Nakusalimu kutoka kwenye ukungu wa Newala, ambako dada yangu ananilisha ming'oko ya moto, vile viazi pori vya huku, na kunikemea kila nikikohoa.

Nilipopita Masasi niliingia duka la intaneti, lililofunguliwa palipokuwa duka la ushirika. Karani mmoja alikuwa akijifunza ile programu yetu huria ya kompyuta, amefungua tovuti zetu zote mbili za mwongozo, yako na yangu.

"Shikamoo, babu. Nikimaliza kazi, tovuti hii inaniambia 'hifadhi', ile inaniambia 'tunza'. Ni kitu kimoja?"

"Marahaba. Ni kimoja."

Akacheka. "Basi hawa mtu na mkewe, wamenuniana!"

Sikumsahihisha.

Umeniomba mara nyingi tuziunganishe, nami nikagomea neno hilo moja. Sasa kifua hakinipi muda, nakiri: neno lako nililipenda tangu mwanzo. Nilibisha kwa sababu kila nilipobisha uliniandikia, na tangu nifiwe na mke wangu sikuwa na kingine cha kusubiri.

Unganisha, uandike "tunza". Yangu ifunge. Mungu akupe macho mazima na umeme usiokatika. Nawe uniandikie bado, hata kama hatuna tena la kubishania.

Wako,
Baba Stella