Shetani Hakugusa Mota

Kaka Balthazar,

Usirudishe mota mpya ya jiko dukani. Ni nzima. Asubuhi nimeiwasha, ikanguruma tu. Nikafunua tangi: vile vipande vya unga wa mbao tunavyochoma vimelowa na kuvimba kama uji, na chuma cha kuvisukuma motoni kimekwama.

Mama anasema ni shetani. Lakini jana ulipomaliza kuifunga mota, ni Mama aliyemwaga maji ya baraka humo tangini. Na "Amina" yako ilishinda zetu zote.

Zima umeme, kwangua uji wote, tia vipande vikavu. ~~Mwambie Mama ukweli.~~ Mwambie Mama mota haibatizwi mara mbili. Mimi naona haya, nimekimbilia treni.

Bibi anatetemeka kwa baridi, amevaa koti lako la kazini. Moto usipowaka, halivui.

Mdogo wako,
Nsimire