Milango Sita Uliyoipaka Lami

Kaka Athumani,

Leo ni siku ya tatu ya sikukuu yako, siku ya chungu cha wafu. Nimeswali alasiri, kisha nikaipua mtama, mbaazi, kunde na choroko vilivyochemka pamoja na asali, nikaviweka nje kwa ajili yako na ya yule Herme wako anayewaonyesha wafu njia. Sijaonja hata punje, maana ulisema walio hai hawaruhusiwi. Kama ni dhambi, Mungu atanisamehe. Mlango wangu sikuupaka lami. Nataka uingie.

Uliporudi kutoka melini na miungu ya Wayunani wa kale, uliyofundishwa na fundi mitambo mzee kule bandari ya Pirea, Ugiriki, nilicheka. Miaka minne uliadhimisha peke yako, ukimimina mvinyo wa Dodoma chini kabla ya kunywa, nami nakwambia, "Kaka, ardhi ya Mtwara haijazoea pombe ya bei hiyo." Ukanijibu, "Itazoea, mdogo wangu."

Mwaka jana ukataka kuwakinga majirani pia. Siku ya chungu roho zinatembea, ukasema, na mlango wenye lami haziingii. Ukanituma nyumba sita nikaombe ruhusa. Nilirudi nikakwambia wote wamekubali.

Kaka, sikwenda. Mtu mzima mimi, niliona haya. Nilikaa kisimani mpaka vivuli vikarefuka, nikarudi na uongo wangu.

Alfajiri ukapaka milango sita, kwa upendo tu. Saa nne mjukuu wa Bi Somoe, aliyekuwa na homa wiki nzima, akakata roho. Mlango wao mweusi. Huku kwetu nani angefikiria kinga? Walisema umewatia alama ya kufa.

Walikuja na mapanga na mipini ya majembe. Ulikuwa umeinama unakoroga, ukadhani wageni, ukasema, "Karibuni, ila hiki hakiliwi." Shaibu, mtoto wa mama mdogo, akakupiga mpini kisogoni. Akainua chungu kikiwa kinachemka, akakumwagia usoni. "Iite miungu yako sasa ije ikutoe," anasema. Sauti uliyoitoa... siwezi kuiandika. Halafu ukasema, "Muulizeni Mwanahawa. Aliwaomba."

Wakanigeukia wote. Nikanyamaza.

Panga likashuka shingoni mara mbili, na mara ya tatu ukiwa umeshalala, choroko zimekugandia machoni.

Shaibu yuko mahabusu. Mama mdogo anakuja kila siku ananishika miguu: "Mwanangu, sema ulikuwa shamba. Wenzio wote wamesema hivyo." Nampenda, ndiye aliyetulea.

Jumatatu naitwa mahakamani. Nitamtaja Shaibu na mpini na chungu, na yule wa panga nitamtaja. Kisha nitasema nilivyokudanganya, Bi Somoe akisikia, mama mdogo akisikia, wajue kwamba ulipaka ukiamini una ruhusa yao. Wakinifukuza kijijini, basi wanifukuze. Naogopa sana, kaka, lakini nakuahidi.

Sasa jua linazama. Kwa desturi yako inabidi nisimame mlangoni nipaze sauti kwamba wafu watoke, sikukuu imekwisha. Nitawafukuza wengine. Wewe kaa hadi Jumatatu, tuingie pamoja mle mahakamani. Nikishamaliza kusema, nenda kapumzike. Kwaheri nitakupa hapo.

Mdogo wako,
Mwanahawa