Karatasi za Mama Auma

Mpendwa mjukuu wangu Nekesa,

Hapa Buruburu tu wazima, na goti la babu yako limepata nafuu.

Umeniuliza ufanyeje. Programu mnayotaka kuuza huku mkificha msimbo wake mmeijenga kwa maktaba huria, yaani msimbo ulioandikwa na wengine na kutolewa bure, na leseni yake inadai anayeisambaza afungue msimbo wake pia. Mkubwa wako anasema hakuna atakayejua.

Nimemkumbuka dada yangu Nafula. Tulipokuwa wasichana Mbotela, Mama Auma, fundi wa nguo wa Kariobangi, alimpa yeyote karatasi zake za kukatia sare. Sharti lilikuwa moja: ukiuboresha mtindo na kuuza nguo, uwaachie wengine wauige. Nafula akaboresha kola, na mwenye duka mmoja akataka kununua sare zake zote, mradi mtindo ubaki siri.

Nafula alienda kwa Mama Auma mwenyewe. "Na nikitaka kuuficha?"

"Basi chora wako, mwanangu. Huu ni wa wote."

Nilidhani ataachana na duka lile. Badala yake alitandaza magazeti sakafuni, akachora mtindo wake mwenyewe, akakata, akaharibu, akaanza upya. Sijaona subira kama ile. Sare ya kwanza alimpelekea Mama Auma kabla ya mwenye duka. Mama akaigeuza ndani nje, akapapasa mishono polepole, kisha akavua tepu yake ya kupimia na kumvika Nafula shingoni.

"Hii ni yako, fundi," akasema.

Mungu akutangulie kazini.

Nyanya yako