Pijo, Datsuni na Paja la Loise

Bondeni, 12 Machi 2024

Kwako shemeji Ogutu,

Salamu. Natumai u mzima. Mimi mwili sijambo, moyo ndio unaochemka. Simu zangu hupokei, basi soma.

Dada yangu Loise amelala hospitali, paja limevunjika, nawe jana umemwambia mama kwamba Datsuni yako ingenishinda kama si ule mtaro wa Mazeras. Huna haya? Datsuni 160J ni injini ya cc elfu moja na mia sita. Pijo 504 yangu inakaribia elfu mbili. Na mteremko ule ulitaka breki, Ogutu! Pijo ina diski magurudumu yote manne. Yako nyuma ni dramu, zikipata moto hazishiki. Ulilijua hilo, mkeo yumo ndani, ukakanyaga mafuta.

Mtu mzima hovyo.

Kaka yake Loise,
Karisa


Mbaraki, 14 Machi

Shemeji Karisa,

Salamu zimefika. Mimi na watoto tu wazima. Loise leo amekunywa uji.

Sasa nisikilize. Nani aliyetoka arusini Mariakani akanipigia honi mbele ya watu, "Lete hilo kopo lako tuone"? Umetaja cc, mbona hukutaja uzito? Pijo yako imeizidi yangu kilo mia mbili, na nguvu za farasi tunakaribiana. Kila mwinuko ulikula moshi wangu. Breki nilibadilisha Januari. Ungekaa upande wako wa barabara, nisingeingia mtaroni.

Usinifundishe kumpenda mke wangu.

Shemeji yako,
Ogutu


Bondeni, 15 Machi

Ogutu,

Salamu sina. Dramu mpya ni dramu tu. Ukishainyosha bodi, turudi Mazeras, kila mtu peke yake, tumalize maneno.

Karisa


Mbaraki, 17 Machi

Karisa,

Bodi iko kwa fundi. Wewe taja siku.

Ogutu


Mji wa Kale, 20 Aprili

Kaka Karisa, na wewe Baba Beryl,

Hamjambo? Mimi sijambo kidogo, natembea kwa magongo.

Kila mmoja wenu aliniletea barua za mwenzake kitandani, niamue nani ana haki. Nimezisoma zote. Dramu nimezijua, diski nimezijua. Sikuona mahali mlipoandika kwamba nilipiga kelele.

Baba Beryl, nilikushika shati nikakwambia, "Simama nishuke." Ukanijibu, "Ngoja tumpite kwanza." Kaka, nilikupungia leso dirishani upunguze mwendo. Ukadhani nakushangilia, ukapiga honi.

Na jana mmekuja kunichukua hospitali, kila mtu na gari lake, mkagombana getini nipande lipi. Wauguzi walikuwa wanawacheka. Mimi sikucheka. Nilitokea mlango wa nyuma na Swabaha, tunayefanya naye kazi, tukapanda tuktuku. Nilimwambia dereva aende polepole, akaenda polepole. Nikalia njia nzima.

Niko kwake, mtaa wa Kuze. Vichochoro vya huku ni vyembamba, gari halipiti. Beryl na wadogo zake waje hata leo. Nyinyi wawili, anayetaka kuniona aje kwa miguu, na akifika asinitajie injini.

Sijawasamehe.

Dada yako, na mama wa watoto wako,
Loise