Saa ya shemeji

Ijumaa, Kasongo

Na nilijua tangu jana. Shemeji Assumani alinionyesha saa aliyoitengenezea musikiti, kazi ambayo niliitaka mimi. Namba zake nne zinawaka kwa zamu, mbio sana, macho hayaoni zikizimika. Ili zing'ae vizuri, kila namba ameipa umeme mara nne ya ule wa kawaida. Zamu ikikwama, namba moja itabeba umeme huo bila kupumzika, iungue.

«Iko sawa?» akaniuliza.

«Iko sawa.»

Leo muadhini aliwasha mikro, batri inayolisha pia saa ikalegea, zamu ikakwama. Namba ya mwisho ikatoa moshi mbele ya watu wote. Walicheka ndani ya musikiti.

Nilimupa pole. Akanishika mkono, akanishukuru. Eti kati ya wote, mimi tu sikumucheka.