Mdomo Wangu, Maneno ya Mwenye Machinjio

2 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Kifua kimepoa? Sisi wazima, ila mguu wangu, na yule kuku mweupe kafa ghafla, lakini sikukuandikia kwa ajili ya kuku. Anayeshika kalamu ni dada yako. Nimemwambia asinipambe.

Jana wametuonyesha sinema yako ukumbini. Ukumbi wa viti! Nikasema, leo mwanangu hajifichi tena kuonyesha sinema zake karakanani kwa seremala, shuka ukutani, mtu mlangoni anachungulia polisi. Nikavaa nguo mpya, nikakaa mbele.

Basi nikajiona, nimesimama kwenye mtaro wa machinjio, matumbo yanaelea, nzi wananiingia puani. Mdomo ukafunguka. Ikatoka sauti ya kibinti, laini kama ya redioni: "Tunamshukuru mwenye machinjio kwa kutujali." Mimi huyo! Siku ile uliponipiga picha nilisema, "Damu yenu inaingia kisimani, watoto wetu wanaharisha mpaka wanakufa, na nyinyi mnanenepa." Si ulinirudisha niseme tena na tena?

Muuza mkaa, jirani yangu, aliyemzika mjukuu wake kwa maji hayo, kanigeukia: "Shoga, walikupa nini?" Nikatapika palepale, juu ya nguo mpya.

Nani kanitemea mdomoni?

Mama yako

20 Machi

Mama,

Shikamoo. Pole na mguu. Mimi ni mzima.

Miaka kumi na miwili natengeneza filamu za kutazamwa na watu ishirini na mbwa wa seremala. Bodi ya filamu walisema kibali cha kuionyesha kitatoka nikibadilisha pale tu. Mwenye machinjio akalipia ukumbi. Ni sentensi moja, mama. Sura yako ipo, watu wanaisifia. Filamu ijayo nitasema yote.

Mwanao

1 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Unakula vizuri lakini?

Sentensi moja! Nikikutilia kinyesi kijiko kimoja tu kwenye mchuzi, utakunywa? Muuza mkaa haniitikii salamu. Nikipita, wanatema mate. Lete ile ya kweli, tutatundika shuka hapa uani, waone wenyewe.

Mama yako

29 Mei

Mama,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa.

Ile ya kweli haipo. Bodi walitaka ifutwe ndipo wasaini. Niliifuta mwenyewe, kisha nikaenda kunawa mikono, sijui kwa nini.

Mwezi ujao nitakuja tuongee.

Mwanao

11 Juni

Wewe,

Hujambo? Mguu afadhali.

Wameirudisha sinema ukumbini. Nikaenda, nikasimama chini ya ukuta. Mdomo wangu ulipofunguka kule juu, nami nikafungua huu, nikasema yangu kwa sauti hii ya kukwaruza. Yakakaa sawasawa, neno kwa neno! Sauti walibadilisha, midomo wakaisahau, wapumbavu. Kile kibinti hakikusikika tena. Wakanishika mkono kunitoa. Muuza mkaa akainuka, "Mwacheni, hajamaliza!" Tukatoka pamoja, na ukumbi mzima nyuma yetu.

Jumamosi wanaionyesha tena. Tunakwenda kina mama wote, kila mmoja kayashika maneno.

Ukija, kamera iache hukohuko. Na pa kulala, muulize mwenye machinjio.

Mama wa dada yako